VT220 niliyoikuta Kibuye: uzoefu wangu wa miezi minne

Kijana wa skrepu pale Kibuye, Kisumu, alikuwa ameifunika kwa gunia. "Jaduong', hii ni TV ya zamani," aliniambia, "lakini sioni pa kuchomeka eriali." Nilimpa shilingi 3,000, kibodi ikiwemo. Ilikuwa VT220 ya kampuni ya kompyuta ya DEC, modeli iliyotoka mwaka 1983: teminali, yaani kioo na kibodi tu, kompyuta yenyewe ikiwa kwingine.

Usiiwashe ukifika nayo nyumbani. Kioo cha aina hii huhifadhi umeme mkali hata kikiwa kimezimwa, kwa hiyo mpelekee fundi aliyezoea TV za kichogo. Wangu alibadilisha kapasita mbili zilizovimba, na jioni hiyo herufi za kijani zikatokea. Nilisimama nikazitazama muda mrefu.

Naitumia kila siku kuandika. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde hupokea herufi kama 960, na kioo kizima kina mistari 24 ya herufi 80, kwa hiyo hujaa kwa sekunde mbili hivi. Jicho linafuatana na maandishi yakishuka, na hakuna tangazo linalokurukia. Kinachosumbua ni kibodi: haina kitufe cha Esc. Nimeiweka iige VT100, teminali ya DEC iliyoitangulia, na hapo F11 hufanya kazi hiyo.

Bei ndiyo hunifikirisha zaidi. VAX-11/780, kompyuta ya DEC ya mwaka 1977, iliuzwa zaidi ya dola 100,000, tena ilijaza makabati. Nani angemnunulia karani mmoja mashine hiyo? Ikagawanywa kwa watu wengi, kila mmoja na teminali yake mezani. Yangu inazungumza na Raspberry Pi, kibao kidogo cha kompyuta kilichoanza kuuzwa mwaka 2012 kwa dola 35. Nimekibandika mgongoni mwake kwa selotepu, na kina nguvu kuliko VAX ile. Kebo, adapta na ufundi vilinigharimu shilingi 4,200, kuliko hata teminali yenyewe.

Naipenda, na ningeinunua tena kesho. Sasa natafuta yenye herufi za rangi ya kaharabu. Ukiiona kwa watu wa skrepu, Kisumu au hata Kakamega, tafadhali wazuie wasiivunje kutoa shaba kabla hujanijulisha.