Bima ya afya kwa wazazi wazee Lubumbashi: uanze na ipi?

Wafanyakazi wengi wa migodini hudhani kampuni inayowatibu wao na watoto itamtibu pia mama aliyebaki Katuba. Sivyo. Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inamdai mwajiri matibabu ya mfanyakazi, mke au mume wake, na watoto. Wazazi hawamo. Pensheni ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, nayo huleta pesa, haileti daktari.

Kwangu mimi, ya kwanza ni kumwongeza mzazi kwenye bima ya kampuni, ukatwe mshaharani. Si kila mkataba unaruhusu, kwa hiyo uliza ofisi ya wafanyakazi. Bima ya kundi mara nyingi haimpimi afya mzee mmoja mmoja, na hapo ndipo wenye presha na sukari wanapopata nafasi. Ubaya wake ni mmoja: kazi ikiisha, kadi ya mama nayo imekwisha.

Ya pili ni mutuele ya afya, yaani chama cha kuchangiana matibabu, ambacho kina sheria yake tangu 2017. Mchango ni mdogo, lakini nyingi hutaka jamaa nzima ijiandikishe, tena kuna muda wa kungoja. Ingia mzee akiwa bado mzima.

Ya tatu, bima ya mtu binafsi. Sheria ya 2015 iliondoa ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali. Siku hizi kampuni ni kadhaa, ila hakikisha yako ina kibali cha ARCA, mamlaka inayosimamia bima. Bei hupanda na umri.

Yoyote utakayoishika, omba orodha ya wasiyolipia na uisome kabla ya bei. Tafuta humo presha, sukari, macho, na hasa dawa za kila mwezi, maana hizo ndizo zinazomaliza mfuko. Uliza pia: wanailipa hospitali moja kwa moja, au unatoa pesa kwanza ndipo urudishiwe? Mimi nisingemnunulia mzee bima ya kurudishiwa. Usiku wa dharura utatoa wapi dola?

Kisha nenda mwenyewe Sendwe, au hospitali yoyote iliyo karibu naye, uulize dirishani kama kadi hiyo inapokelewa. Bima ikichelewa kulipa madeni, kadi hukataliwa.

Na jina liandikwe sawasawa na lilivyo kwenye kadi yake ya uchaguzi. Herufi moja ikipishana, watamrudisha nyumbani.