Kutoka Land Cruiser Mkonga hadi Hilux: Miezi 14 ya Kubeba Asali Tabora

Dumu la lita 20 likijazwa asali huwa na uzito wa takribani kilo 28, na mtu aliyezoea kubeba maji hushangaa anapoona springi za gari zimelala ilhali bodi bado ina nafasi. Hesabu hiyo ndogo ilikaa kichwani mwangu mwaka mzima kabla sijakubali kuuza Land Cruiser yangu ya pikapu yenye kabini moja, ile tunayoiita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo cha mbele, na kununua Toyota Hilux ya kabini mbili iliyotumika, ya mwaka 2018. Mkonga niliutumia miaka 6 kukusanya asali Sikonge, Ipole na vijiji vya Kaliua na kuileta ghalani kwangu hapa Tabora mjini. Hilux nimeiendesha miezi 14 na kilomita 31,000, na imeshapita masika moja na kiangazi kimoja, kwa hiyo ule ushabiki wa gari jipya umekwisha kunitoka.

Kwanza niondoe utata wa maneno. Majirani husema nimeshuka kutoka gari kubwa kwenda gari la kati, na kwa jinsi tunavyozungumza hapa wako sahihi, ingawa futi haikubaliani nao: Hilux ya kabini mbili ina urefu wa takribani mita 5.3, na mkonga wa kabini moja ni mita 5.2 hivi. Wamarekani, ambao kwao pikapu kubwa ni kama Ford F-150 yenye upana wa mita 2 bila kuhesabu vioo vya pembeni, wangezitia zote mbili katika kundi moja la pikapu za kati. Ukubwa ninaouzungumzia mimi ni wa chesisi, ekseli na bodi. Land Cruiser hiyo ina ekseli nzima mbele na nyuma, injini ya 1HZ yenye silinda 6 na lita 4.2 isiyo na tabo, yaani kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na bodi inayoanzia mgongoni mwa dereva. Hilux ina silinda 4 na lita 2.4 zenye tabo, tairi za mbele zinazojitegemea kila moja na springi yake, na sehemu kubwa ya nafasi ambayo ingekuwa bodi imepewa viti vya nyuma.

Kilichonisukuma kubadilisha ni daftari. Nina mazoea ya kuandika kila safari: tarehe, kijiji, idadi ya madumu na dizeli niliyotia. Nilipokaa jioni moja kuhesabu mwaka mmoja tu, nilikuta safari 94, na zilizobeba zaidi ya madumu 35 zilikuwa 11, karibu zote za msimu mkuu wa kurina. Nyingine zilikuwa za kupeleka ndoo tupu, kuwalipa warinaji, kupima unyevu wa asali kabla ya kuinunua, kuonana na wateja Nzega, na mara kadhaa kumpeleka mama Hospitali ya Kitete akiwa amebanwa katikati yangu na utingo, magoti yake yakigombana na gia. Kwa zaidi ya siku 80 nilikuwa ninazungusha chuma kizito kisicho na mzigo, na kila anayeufahamu mkonga anajua kuwa ukiwa mtupu kwenye rafu rodi unaruka kama mbuzi, kwa kuwa springi zake za nyuma zimetengenezwa kwa ajili ya tani na zaidi.

Siku ya kwanza kupakia Hilux tulikuwa ghalani, na fundi wangu alikuja kushuhudia bila kualikwa. Safu ya chini iliingia madumu 24, kwa sababu vifuniko vya tairi hula nafasi pande zote mbili, na utingo akataka kuendelea na safu ya pili kuanzia mlango wa nyuma kama tulivyozoea. Fundi akamzuia. “Mzee,” akaniambia, “usilipakie hili kwa mazoea ya lile. Kule mzigo ulikaa juu ya difu, huku nusu yake inaning’inia nyuma. Ukizidisha, chesisi itapinda hapa,” na akagusa kwa kidole pale kabini inapokutana na bodi. Nikamwambia, “Basi, fundi, tupange wewe ukiona.” Madumu 11 ya juu tukayabana yote mbele, yakiegemea kabini, tukafunga turubai, tukaishia hapo: madumu 35, kilo 980. Tani moja ndiyo kiasi ambacho gari la aina hii limekusudiwa kubeba, na abiria nao wamo katika hesabu hiyo, jambo ambalo wengi hulisahau wanapojaza bodi kisha wakajaza na viti. Tangu siku ile, nikiwa na watu wanne ndani, ninashusha madumu 8 au 9.

Katika mkonga nilikuwa ninapakia madumu 45 bila kufikiri, na wakati mwingine, niseme ukweli, 50. Gari lilivumilia. Mwenye biashara hapaswi kujidanganya kwamba Hilux itavumilia vilevile kwa sababu tu nembo ya mbele ni ileile.

Kwenye dizeli sikutegemea tofauti ingekuwa kubwa kiasi hiki. Nilipima kwa njia ya kawaida ya kujaza tenki hadi mdomoni, kusafiri, kisha kujaza tena, na nilirudia mara nyingi kwenye njia zilezile. Mkonga ulinipa wastani wa kilomita 7 kwa lita, ukishuka hadi 6 kwenye kichanga. Hilux inanipa kilomita 11, na kwenye lami ya kwenda Nzega nikienda kwa kilomita 80 kwa saa bila mzigo imewahi kufika 12 na nusu. Maana yake ni kwamba katika kila kilomita 1,000 ninabakiwa na lita 52, na kwa kilomita 31,000 nilizokwenda ni zaidi ya lita 1,600. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, inapotangaza bei kikomo, zamani nilikuwa ninasoma tangazo lile nikiwa nimekunja uso. Jambo la kuchekesha ni kwamba umbali wa kutembea bila kujaza haukubadilika sana, kwa sababu tenki la mkonga lilikuwa la lita 130 na la Hilux ni la lita 80: la kwanza lilinifikisha kilomita 900 hivi, la pili 880. Oili nayo imepungua. Injini ya 1HZ ilikuwa inakunywa karibu lita 10 kwa kila mabadiliko, hii inachukua 7 na nusu. Mkanda wa taiming uliokuwa ukinitia hofu kila nilipokaribia kilomita 100,000 haupo tena, kwani injini hii inatumia mnyororo.

Barabarani sina la kulalamika. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupungukiwa na pumzi katika mwinuko huo. Nilizoea kukaa nyuma ya lori la tumbaku kutoka Urambo hadi njia inyooke kwa kilomita nzima ndipo nithubutu kulipita. Hilux, ingawa injini yake ni ndogo kwa karibu nusu, inalipita lori hilo kwa gia ya 4 kabla sijamaliza kuwaza. Usukani ni mwepesi, breki zinashika bila kuvuta upande, na safari ya kwenda Kigoma kupitia Kaliua na Uvinza, ambayo zamani ilinilaza siku nzima iliyofuata, sasa ninashuka nikiwa na uwezo wa kula chakula cha jioni na wenyeji wangu. Mama anakaa kiti cha nyuma akiwa na mto wake, na amesema mara moja tu kwamba gari hili “lina adabu”. Kwake hizo ni sifa kubwa.

Kwenye matope habari ni nyingine, na hapa nitakawia kidogo, maana watu wengi hununua magari haya kwa ajili ya masika. Upande mmoja Hilux imenirahisishia: mkonga wangu ulikuwa na habu za kufunga kwa mkono, yaani vitovu vya tairi za mbele vinavyofungwa ili nazo zisukume gari, kwa hiyo aliyeingia topeni bila kuzifunga mapema alilazimika kushuka, kuzama hadi vifundoni, kuinama kwenye tairi la mbele na kuzungusha kile kifuniko chenye tope, kisha kuzunguka upande wa pili na kurudia. Nimeharibu viatu vingi kwa namna hiyo. Katika Hilux ninazungusha swichi moja kwenye dashibodi gari likiwa linatembea, na gia nzito ndiyo peke yake inayotaka nisimame na kuweka gia huru. Upande wa pili ni tairi. Mkonga ulivaa 7.50R16, tairi nyembamba ndefu zinazokata tope laini hadi zikute udongo mgumu, na zenye ringi ambazo fundi yeyote wa pancha kijijini anazifungua kwa nyundo na vyuma vyake. Hilux yangu ilikuja na tairi pana za inchi 17 zisizo na tyubu, nzuri sana kwenye lami na kichanga, lakini kwenye mbuga ya udongo mweusi zinaelea juu ya tope, zinajaza meno yake, kisha zinateleza kama sabuni. Mwezi wa Januari, kwenye njia ya msituni kusini ya Ipole, nilikaa kuanzia saa 8 mchana hadi saa 2 usiku nikisubiri trekta, mahali ambapo mkonga ungepita kwa kunguruma tu. Nimebadilisha tairi tangu hapo, na hali imekuwa bora, lakini tairi likipasuka vibaya Kaliua usitarajie kukuta saizi yako dukani, ilhali 7.50R16 wenye Canter wanazitumia, kwa hiyo hazikosekani.

Jambo la pili ni mafuta machafu. Injini ya 1HZ ina pampu ya zamani isiyo na kompyuta, na nilikuwa ninainywesha dizeli ya madumu kutoka vijijini bila kuuliza maswali. Injini za sasa zinasukuma dizeli kwa shinikizo kubwa mno kupitia nozeli zenye matundu membamba sana, na maji au uchafu kidogo tu unatosha kuziharibu. Mwezi wa sita wa kuwa na gari nilijaza kwenye kituo kimoja cha barabarani, na kabla sijafika kilomita 40 taa ya filta ikawaka, injini ikaanza kukohoa. Niliegesha, nikafungua koki ya chini ya filta, na nikakinga kwenye kikombe cha chai: nusu yake ilikuwa maji, yametulia chini kama yamewekwa kwa makusudi. Bahati ilikuwa kwamba sikulazimisha kuendelea. Kuvutwa hadi mjini, kusafisha tenki na kubadilisha filta viligharimu siku 2 na fedha ambazo zingenunua madumu kadhaa ya asali. Sasa filta ya akiba na spana yake vinakaa chini ya kiti, ninamwaga koki ile kila Jumamosi, na dizeli ya madumu siigusi. Ukimtafuta fundi, mtafute mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari; anayesikiliza injini kwa bisibisi sikioni ni hodari kwa mkonga, lakini hapa atabahatisha.

Kuna kero ndogo ndogo. Plastiki za milango zinakamata vumbi jekundu lisilotoka kwa kitambaa kikavu, kingo za bodi zinakwanguka upesi mahali madumu yanapoburutwa, na asali ikimwagika kwenye bati lenye mikunjo, siafu hufika kabla ya ndoo ya maji. Nimetandika mpira mzito, tatizo limepungua.

Kwa anayeniuliza kama naye abadilishe, jibu langu linategemea daftari lake kuliko gari langu. Mwenye mizinga ndani kabisa ya msitu, anayeingia huko Desemba na Februari akiwa na tani moja na nusu na hana barabara, abaki na mkonga wake, tena auweke vizuri kwa sababu bei yake sokoni haishuki. Wangu niliuuza kwa fedha zilizokaribia kabisa bei ya Hilux. Kwa mtu kama mimi, ambaye lami ya Sikonge na ya Kaliua imemfikisha karibu na wauzaji wake, gari la kati linatosha kwa sehemu kubwa ya mwaka. Zile safari 11 nzito bado zipo. Nimekubaliana na mwenye Canter mmoja wa Ipole: yeye anatoa asali msituni hadi kwenye lami, mimi ninaipokea pale na kuigawa katika safari mbili, na kila mara tunapimana naye upya bei ya kukodi, maana anajua kabisa kuwa mkonga sina tena.