Jiko la gesi la chuma lenye kisahani cha hewa: kwa muuza chipsi, je linalipa?

Naanza na bei maana najua ndo mnachotafuta wengi: elfu 55, kichwa na miguu, mpira na regyuleta unanunua pembeni. Nimelichukua Kariakoo upande wa Gerezani, duka la vifaa vya jikoni la kawaida tu, na nalitumia kibandani kwangu Tabata kukaanga chipsi mchana mpaka usiku, asubuhi linachemsha supu. Kwa kifupi linalipa, ila sio kwa sababu aliyonipa muuzaji.

Yeye alikuwa ananiuzia uzito. "Bosi hiki chuma, angalia hiki chuma, hakipasuki hiki." Kweli ni chuma cha kusubu, zito, karai la lita 15 za mafuta likikaa juu halitikisiki. Lakini majiko mazito yako mengi pale, kuna mpaka ya elfu 35. Tofauti ya hili iko nyuma, kwenye bomba fupi pale gesi inapoingilia. Kuna kisahani cha bati nene chenye madirisha mawili, kimeshikwa na skrubu moja, ukikizungusha madirisha yanafunguka au yanajifunika. Hapo ndo hewa inapoingia, na ile elfu 20 ya juu mi naona nailipia hapo. Nilipomuuliza muuzaji hicho kidude cha nini akasema "hicho cha kupamba tu bosi, kiache kama kilivyo". Aisee.

Sasa ngoja nieleze kwa nini sio pambo. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propeni na byuteni, na haiwezi kuungua peke yake, inataka hewa, tena nyingi kuliko watu wanavyodhani. Lita moja ya propeni ikishakuwa gesi inataka kama lita 24 za hewa iungue yote, byuteni inataka kama 31. Sehemu ya hiyo hewa inaingia kabla ya moto: gesi inatoka kwenye tundu dogo la nozeli kwa kasi, ile kasi inavuta hewa ya pembeni ipite kwenye madirisha, vinachanganyika ndani ya bomba halafu vinatokea juu kwenye matundu tayari vikiwa kitu kimoja. Hewa iliyobaki moto unaichukua wenyewe ukishawaka. Waliosoma kemia form one watakumbuka, ndo ileile habari ya bansen bana, kile kichomeo cha gesi cha maabara, pete ya chini ukiifunga moto unakuwa wa njano, ukiifungua unakuwa wa bluu. Yule Robert Bunsen na fundi wake Peter Desaga waliitengeneza Heidelberg, Ujerumani, tangu 1855, kwa hiyo hakuna mtu hapa aliyegundua kitu kipya, ni teknolojia ya kizee ambayo majiko mengi ya bei rahisi yameiacha kwa kutoboa tundu moja la hewa lisilobadilika na kukuambia kila la heri.

Shida ya tundu lisilobadilika ni kwamba anayelitoboa kiwandani hajui wewe unatumia nini. Hajui mtungi wako una propeni nyingi au byuteni nyingi. Hajui regyuleta yako inatoa presha gani, hajui kama fundi wa mtaani ameshachezea nozeli. Na hata mtungi mmoja haukai vilevile mwanzo mpaka mwisho, propeni inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri na byuteni karibu na sifuri, kwa hiyo propeni ndo inawahi kutoka na mtungi ukikaribia kuisha unabaki na byuteni nyingi inayotaka hewa zaidi, ndo maana siku za mwisho za mtungi masufuria yanaanza kuchafuka na watu wanasema tumeuziwa gesi mbovu. Kwenye hili jiko unafungua kisahani kidogo, basi, moto unarudi bluu.

Shemeji yangu yuko Mbeya, na yeye kachukua jiko kama hili hili, tukapigiana simu ya video kila mtu anaonesha lake. Langu hapa Dar madirisha yako wazi kama nusu hivi, la kwake ameyafungua karibu yote ndo moto ukatulia. Sishangai, Mbeya iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, dirisha lilelile linapitisha oksijeni kidogo kuliko huku pwani. Jiko lenye tundu la kudumu ingebidi mmoja wetu apikie masizi.

Namna ya kulitegesha. Washa ukiwa umefunika hewa kiasi, moto utakuwa laini una ncha za njano, usijali. Ukishapata joto kidogo anza kufungua taratibu huku unaangalia na unasikiliza. Unachotafuta ni moto wa bluu, kila tundu lina kikoni kidogo cha ndani chenye rangi kali kimekaa juu ya chuma hakirukiruki, na sauti yake ni ya kuvuma chini chini. Ukiona ndimi zimeachana na matundu zinaelea juu na sauti imekuwa ya kupuliza, hewa imezidi, rudisha. Wengi wanadhani ukifungua mpaka mwisho ndo unabana matumizi, sio kweli jamani, hewa ikizidi moto unapoa na mwingine unazimika pembeni, gesi inapita bila kuungua.

Na kuna ule mlio wa "pap!" halafu moto unahamia ndani ya bomba, juu unabaki mdogo na nyuma kunazomea. Hiyo inatokea hasa ukiwa umefungua hewa sana halafu ukapunguza gesi ghafla. Usikae unaangalia, funga gesi, acha bomba lipoe, punguza hewa, washa upya. Ukiacha linaendelea kuungulia ndani utapika nozeli badala ya chipsi.

Kitu kingine kinachochanganya watu wa chipsi na supu ni rangi ya machungwa. Supu ikimwagika au chumvi ikidondokea kwenye kichwa moto unageuka machungwa hata kama hewa iko sawa kabisa, hiyo ni sodiamu ya kwenye chumvi inang'aa kwa joto la moto, haina uhusiano na hewa. Kijana wangu alikuwa akiona hivyo anakimbilia kuzungusha kisahani. Cha kuangalia ni kitako cha sufuria. Rangi ya machungwa ya chumvi haiachi masizi, njano ya kukosa hewa inaacha.

Hapo kwenye masizi nikae kidogo maana ndo hela ilipo. Masizi ni kaboni ambayo ilitakiwa iungue ikupe joto, wewe umeilipia, halafu imeenda kuganda kwenye kitako cha sufuria na inazuia hata lile joto lililobaki lisipenye vizuri. Na unamlipa mtu asugue kwa mchanga na stili waya kila usiku. Zaidi ya hapo moto wa hivyo unatoa kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na ile harufu kali mnayoisikia gesi ikivuja haitakusaidia maana ni dawa iliyowekwa kwenye gesi kwa ajili ya kuvuja tu na inaungua pamoja na gesi yenyewe. Kibanda changu kiko wazi pande mbili, ila mama lishe wanaopikia kwenye vyumba vya bati vimefungwa kila upande nawaomba hili walisome tena.

Kuhusu matumizi nilitaka kupata ukweli wangu mwenyewe, nikaazima mzani wa digito wa jirani muuza nyama, nikapima mtungi mdogo wa kilo 6 kabla na baada ya kuchemsha lita 10 za maji. Hesabu ya kitabuni iko hivi: kutoka nyuzi kama 27 mpaka 100 maji hayo yanataka kama megajuli 3, kilo ya gesi ina kama megajuli 46, kwa hiyo kama hakuna kinachopotea ungetumia gramu 66 hivi. Lakini hakuna jiko la hivyo duniani, joto jingi linapita pembeni ya sufuria linaenda zake. Nikiwa nimetegesha hewa vizuri mzani ulionesha karibu mara mbili ya hiyo, kwa jiko la wazi mi naona ni nzuri tu. Nikaminya kisahani kama alivyoniachia muuzaji, moto wa njano, ikaenda karibu mara tatu, na sufuria nyeusi juu. Gesi ileile, sufuria ileile, tofauti ni robo ya mzunguko wa kibati.

Sasa lawama, maana zipo. Ile skrubu inayoshika kisahani ni utani. Haina springi, haina ile pete ya washa, jiko likivuma mtetemo wake unailegeza na kisahani kinashuka chenyewe kwa uzito mpaka dirisha linajifunga, unashangaa saa mbili usiku wateja wamejaa moto umekuwa njano. Nilimpelekea fundi, akatoa ile skrubu akaweka bolti yenye spring washa na nati mbili, elfu 3, mpaka leo hakijasogea. Kitu cha elfu 3 kilitakiwa kitoke kiwandani. Pia hakina alama yoyote ya kuonesha umefungua kiasi gani, mi nimekwangua mistari kwa msumari, mstari wa mtungi mpya na mstari wa mtungi unaoisha. Rangi nyeusi waliyopaka inatoa moshi unaonuka siku ya kwanza, washa nje, usiweke chakula. Na kutu inaanza haraka kwa unyevu wa huku, paka mafuta ya kupikia kidogo kwenye miguu ukimaliza kusafisha.

Halafu kuna hawa mafundi wanaokuambia "bosi nikupanulie nozeli moto uwe mkubwa". Kataa. Tundu la nozeli likipanuliwa gesi inatoka nyingi kuliko hewa inayoweza kuivuta, utafungua kisahani mpaka mwisho na bado njano. Kama unataka moto mkubwa nunua kichwa kikubwa.

Regyuleta ni hadithi nyingine. Ile ya nyumbani ya kawaida inatoa presha ndogo, kama milibaa 30, hili jiko litawaka nayo ila litakuwa kama linaumwa, haliwezi kuvuta hewa ya kutosha. Linataka regyuleta ya presha kubwa yenye kitasa cha kuongeza na kupunguza, na mpira unaoendana nayo, sio ule mwembamba wa jiko la mezani, na klipu za chuma ncha zote mbili. Pima kwa povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi. Na mtungi ukae mbali na jiko, mahali ambapo hewa inapita chini, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni inasubiri cheche. Kinga ya upepo ya bati mi nimeweka pande tatu za jiko, tena nimeacha nafasi chini, maana ukilifunga lote unalinyima hewa ileile tunayohangaika nayo hapa.

Siku hizi tangu mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034 utoke, na lengo la asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia kufikia 2034, kila kona ni mitungi, ruzuku ya mitungi, picha za mitungi. Sawa, tunashukuru. Lakini mtungi haupiki, kinachopika ni kichwa cha jiko, na hicho unauziwa na mtu anayekuambia kisahani cha hewa ni pambo.

Kwa matumizi ya nyumbani, familia ya watu watano sita, usinunue hili, ni kubwa, utachoma gesi pembeni ya sufuria. Kwa chipsi, supu, pilau la shughuli, maharage ya shule, nunua. Ukifika dukani zungusha kisahani kwa mkono, kiwe kinaenda bila kukwama na kisilegee, chungulia bomba ndani kama halina mabaki ya mchanga wa kusubia (langu lilikuwa nao, nikagonga ukatoka), na mwambie aliwashe mbele yako, wana mtungi pale wa kujaribia. Bomba ulichungulie hata baadaye likikaa siku nyingi bila kuwashwa, buibui wanapenda kujenga mle ndani na utando wao unaziba njia ya hewa.

Kuna na lile la pete mbili, kila pete na koki yake na kisahani chake, elfu 85 walivyoniambia. Sijalichukua, karai langu linaenea kwenye hili. Ila nilichukua nozeli ya akiba palepale, elfu 2 tu, maana huku mtaani kwetu ukiitafuta unaletewa ya jiko la mezani.