Motul 8100 X-cess 5W-40 kwenye Subaru iliyotyuniwa: umwage oili lini?

Haya, karibuni tena. Dumu hili nililoshika ni Motul 8100 X-cess, 5W-40, sintetiki, lita 5. Wenye Forester na Impreza za tabo mnaniuliza: gari limetyuniwa, nikiweka oili ya bei hii si nitafika kilomita 10,000? Hapana. Mwaga kwenye 5,000.

Oili yenyewe ni nzuri, nasema bila kusita. Ona hapa nyuma: ACEA A3/B4, kiwango cha ubora cha watengenezaji magari wa Ulaya. Maana yake, ikipata moto wa nyuzi 150 na kubanwa kama inavyobanwa kwenye metali za krenki, kipimo chake cha mnato hakishuki chini ya 3.5. Oili ya namba 30, yaani nyepesi kuliko hii ya 40, inaruhusiwa kushuka hadi 2.9. Tofauti hiyo ndiyo utando unaotenganisha chuma na chuma ukikanyaga mafuta kupanda Limuru. Kwa EJ20 au EJ25, injini za hizi Subaru, iliyoongezwa presha, mimi naitaka hiyo.

Lakini angalia fundi amefanya nini kwenye kompyuta ya gari. Ameongeza presha ya tabo, na petroli pia ameiongeza, kwa sababu mchanganyiko wenye petroli nyingi hupoza silinda na kuzuia injini isigonge. Petroli hiyo haiungui yote. Nyingine inapenya kwenye ringi, inateremka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuilainisha oili. Ile 40 uliyolipia inaanza kufanya kazi kama 30, na wewe huna habari. Ukisafiri mbali, oili inapata moto wa kutosha na sehemu ya petroli inafuka. Ukiwa mtu wa kwenda dukani na kurudi, inabaki mle mle.

Halafu kuna foleni. Kilomita 5,000 kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa ni saa 250 za injini kuwaka. Barabara kuu, kwa wastani wa 80, ni saa 62 na nusu. Dashibodi inaonyesha namba ile ile! Na muda wote huo shafti ya tabo, inayoweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, inaelea juu ya oili hiyo hiyo. Oili ikichoka inaacha masizi magumu, na baadhi ya hizi EJ zina kichujio kidogo kwenye njia ya oili ya tabo. Kikiziba, tabo imekwisha.

Kama ulichotoa ni limita ya magari ya Japani tu, ile inayozuia gari lisizidi kilomita 180 kwa saa, na hukimbizi gari, haya hayakuhusu sana.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, chomoa kijiti cha oili unuse. Ikinuka petroli, au kiwango kimepanda, mwaga hata kama ni kilomita 3,000. Weusi peke yake usikutishe, oili nzuri huwa nyeusi kwa sababu inasafisha.

Nunua kwa muuzaji anayekupa risiti, feki ni nyingi sokoni. Injini inachukua lita 4 na kitu. Kinachobaki weka kwenye buti, maana EJ ikisukumwa hunywa oili. Ikishuka, ongeza hiyo hiyo, ila kuongeza si servis: hesabu ya 5,000 inaendelea pale pale ilipokuwa.