MRI kwanza, au sindano moja kwa moja?

Mwanaume ambaye kipimo chake cha damu cha PSA, kinachoweza kuashiria saratani ya tezi dume, kimepanda huwa na njia mbili mbele yake. Ya zamani ni kuchukua vinyama 10 hadi 12 kwa sindano inayopitishwa njia ya haja kubwa, daktari akiongozwa na ultrasaundi, ambayo humwonyesha umbo la tezi dume lakini mara nyingi haimwonyeshi uvimbe wenyewe. Maambukizi yanayoweza kufuata, tena, si jambo dogo. Njia ya pili huanza na MRI: mgonjwa hulala ndani ya mashine ya sumaku, bila mionzi, na kwa kawaida sindano hufuata pale picha inapoonyesha eneo la kutiliwa shaka.

Katika utafiti wa PROMIS wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2017 na kuhusisha wanaume 576, MRI iliwabaini asilimia 93 ya wenye saratani hatari. Sindano ya kawaida iliwabaini asilimia 48 tu. Hata hivyo, MRI huwatilia shaka wengi wasio na saratani hiyo, kwa hiyo kinyama bado huhitajika kuthibitisha. Mimi ningechagua MRI kwanza, mradi picha isomwe na mtaalamu mzoefu.