WinISD na boksi la sabufa ya inchi 10: uzoefu wangu

Spika niliyonunua Kariakoo ilikuwa na sumaku nzito, koni ya karatasi ngumu na mpira mnene pembeni, ila katoni yake haikuwa na karatasi ya vipimo. Muuzaji alinipa ushauri unaotolewa na wengi: tafuta boksi lolote la inchi 10, toboa tundu mbele, itapiga. Maboksi ya namna hiyo nimeyasikia tangu utotoni kwenye vigodoro na harusi za mtaani. Yanapiga kweli, lakini yanapiga noti moja. Gitaa la besi lipande, lishuke, wewe unasikia mvumo uleule. Mimi ni mtu wa dansi la zamani, na humo mpiga besi ndiye anayetembea. Nikimkosa yeye nimekosa nusu ya wimbo. Kwa hiyo safari hii niliamua kupima kwanza na kukata mbao baadaye, nikatumia WinISD.

Ni programu ya bure ya Windows. Unaipa tabia za spika yako, nayo inakuchorea jinsi itakavyolia ndani ya boksi la ukubwa fulani, hata kabla hujashika msumeno. Hesabu zake zimejengwa juu ya kazi ya Neville Thiele, mhandisi wa Australia aliyeichapisha mwaka 1961, na Richard Small aliyeiendeleza Chuo Kikuu cha Sydney mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndiyo maana tabia hizo huitwa vipimo vya Thiele na Small. Kwa boksi lenye tundu, vitatu ndivyo vinavyobeba mzigo mkubwa: Fs, yaani mtetemo wa asili wa koni ikiwa nje ya boksi, Qts, inayoonyesha koni inavyodhibitiwa isiyumbe, na Vas, ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na ule wa mpira unaoishikilia koni.

Hapa ndipo programu inapomwacha mnunuzi wa Kariakoo. Ina orodha ya spika za kampuni mbalimbali, lakini yangu haikuwamo, na sikutaka kuchagua "inayofanana nayo". Nikapima mwenyewe kwa Room EQ Wizard, programu ya kupima sauti, nayo ya bure, nikitumia kadi ya sauti ya USB, rezista ya ohm 100 na waya chache. Fs ikatoka Hz 34, yaani mitetemo 34 kwa sekunde, na Qts 0.38. Ili kupata Vas nilichukua udongo wa kuchezea wa watoto, gramu 30 kwenye mizani ya jikoni, nikaubandika kwenye koni kuzunguka kofia ya katikati. Mtetemo ukashuka hadi karibu Hz 29. Kutokana na tofauti hiyo Room EQ Wizard inajua uzito wa koni na ulaini wa mpira, ikaniletea lita 45. Jioni nzima ilikwisha kwenye vipimo hivyo, na hakuna saa nilizozitumia vizuri zaidi katika kazi hii yote.

Nilipoingiza namba hizo, WinISD ilipendekeza boksi la lita 42 lililowekwa sauti kwenye Hz 34, yaani hapo ndipo hewa ya tundu lake inapovuma zaidi. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne hulia Hz 41, kwa hiyo mpiga besi wangu alikuwa ndani ya eneo salama. Angalizo kwa anayeanza: dirisha la kuingizia spika mpya ni gumu. Linakokotoa lenyewe namba zinazokosekana, na ukiandika namba mbili zinazopingana linakataa kuhifadhi bila kukueleza kosa liko wapi. Jaza chache ulizopima, nyingine liachie.

Sehemu iliyonifanya niipende ni mchoro wa kasi ya hewa ndani ya bomba linalowekwa kwenye tundu. Nilikuwa nimepanga bomba la inchi 3, ambalo lingehitaji urefu wa sentimita 22 tu na kuingia bila shida. Kwa wati 80 mchoro ulionyesha kasi inayopita mita 20 kwa sekunde, na watengenezaji wengi hupenda isivuke 17 hivi, la sivyo utasikia upepo ukifoka juu ya muziki. Nikabadilisha kuwa bomba la maji taka la inchi 4. Kasi ikashuka vizuri, lakini urefu ukapanda hadi sentimita 41, wakati kina cha boksi kwa ndani ni sentimita 34. Ikabidi nipinde kwa elbo, kile kiungo cha kona cha mabomba.

Mbao nilipeleka Keko, kwa mafundi seremala. Nilichagua MDF, mbao ya unga wa mbao uliogandamizwa, ya milimita 18, nikataka nafasi ya ndani iwe sentimita 34 kwa 34 kwa 42, yaani lita 48 na nusu, kwa sababu bomba, sumaku na mbao za kukazia ndani vinakula zaidi ya lita 6. Wengi husahau kutoa hizo. Fundi alikata kwa mashine, kingo zikawa za mraba kweli, na kazi ilichukua kama theluthi ya bao zima. Vumbi la MDF ni baya kwa mapafu, vaeni barakoa. Na kwa unyevu wetu wa pwani, kingo zilizokatwa nilizipaka gundi ya mbao iliyochanganywa na maji mara mbili kabla ya rangi, maana MDF ikinywa maji inavimba na hairudi.

Boksi lilipounganishwa mara ya kwanza lilivuja hewa. Niliziba mdomo wa bomba kwa kitambaa, nikasukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa. Badala ya kurudi polepole ilirudi papo hapo. Nikawasha udi, nikapitisha moshi kwenye viungo huku sauti nzito ikipigwa, na kwenye kona ya chini nyuma moshi ukaanza kucheza. Silikoni kutoka ndani ikamaliza tatizo.

Kisha nikapima boksi zima. Badala ya Hz 34 nilipata 36. Kosa lilikuwa langu: kwenye elbo nilipima urefu kwa kufuata mgongo wa nje wa mkunjo, wakati unapaswa kufuata mstari wa katikati. Nikaongeza kipande cha sentimita 5 kwa soketi ya kuungia bomba, ikatua. Kuna jambo moja ningetamani kila mpenzi wa redio alione kwa macho. Ukipiga mlio wa Hz 34, koni karibu inasimama kabisa, na karibu sauti yote inatoka kwenye bomba. Ukiweka mkono pale unahisi hewa ikipumua. Ukishuka chini ya hapo koni inaanza kurukaruka kwa sababu hewa ya boksi haiishikilii tena. Mchoro wa mwendo wa koni ulinionya mapema kuhusu hilo, nikaweka kichujio kwenye amplifaya kinachokata chini ya Hz 28.

Programu haikijui chumba chako. Changu ni cha mraba, mita 3.5 kila upande, kuta za tofali, na karibu Hz 49 kinavuma chenyewe. Boksi likiwa kwenye kona lilikaribia kufanana na yale ya vigodoro. Nilipolisogeza hadi kama theluthi ya urefu wa ukuta, besi ilinyooka, na usiku ule nilimsikia mpiga besi akishuka ngazi noti kwa noti katika nyimbo ninazozijua kwa miaka mingi. Nilizirudia zote.

Kwa sabufa naipa WinISD alama 9 kwa 10. Kwa boksi lenye twita, yaani spika ya sauti nyembamba, na spika ya kati itakusaidia upande wa besi tu. Vichujio vya kugawa sauti vitafute kwingine. Boksi la pili nimeshapeleka vipimo Keko, namba ni zilezile, ila bomba nimeliacha refu kwa sentimita 3 zaidi ili nilipunguze kidogo kidogo huku napima.