RideLondon ya 2014: kilomita 138 katika mvua ya Bertha

Mimi na wenzangu watatu wa klabu tuliendesha baiskeli katika RideLondon-Surrey 100 tarehe 10 Agosti 2014, siku ambayo masalia ya kimbunga Bertha yaliifikia Uingereza. Naanza na uamuzi wangu: sijawahi kulipia safari ya baiskeli iliyoendeshwa vizuri kuliko ile, na sababu kubwa ni jambo ambalo asubuhi ile liliniudhi sana.

Safari kamili ilikuwa maili 100, kama kilomita 161, kuanzia Bustani ya Olimpiki ya mashariki ya London, kuzunguka vilima vya Surrey na kurudi mjini hadi The Mall, karibu na kasri ya Buckingham. Barabara zote zilifungwa, hakukuwa na gari. Majira yote ya baridi tulijinoa kwa ajili ya Leith Hill na Box Hill, kilima ambacho wanaume walikizunguka mara 9 kwenye mbio za Olimpiki za 2012. Halafu tukaambiwa vilima vyote viwili vimeondolewa na njia imepunguzwa hadi maili 86, kama kilomita 138. Dada mmoja wa Tanga, mwenzetu, machozi yalimlengalenga. Mzee wetu wa klabu akamwambia, "Mwanangu, kilima hakihami. Utakipanda siku nyingine."

Mwanzo haukuwa mbaya. Ndani ya handaki la Limehouse kulikuwa kukavu, watu wakapiga kelele za furaha hadi kuta zikaitika. Baadaye mbingu zikafunguka. Haikuwa mvua ya manyunyu tuliyoizoea London. Ilimwagika kama ya masika, ila masika ya baridi. Maji yalitanda barabara nzima, huoni shimo wala mfuniko wa mtaro. Tulikuwa tukipiga kelele "shimo kushoto!" kwa Kiswahili, na nadhani hata Waingereza waliokuwa nyuma yetu walielewa kwa mikono.

Kilichotutesa zaidi ni pancha. Mvua kubwa huosha vijiwe vya gumegume kutoka kingoni na kuvisambaza barabarani, na raba iliyolowa hukatika kwa urahisi kuliko iliyo kavu. Kila baada ya mwendo mfupi ungeona mtu kainama kando ya njia, gurudumu mkononi. Sisi wanne tulimaliza tyubu tano. Ile ya tatu niliibadilisha mimi, na vidole vilikuwa vimekufa ganzi mwezi wa Agosti. Ilibidi dada anishikie tairi huku nikilirudisha kwenye ringi kwa viganja. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha kidole polepole ndani ya tairi utafute kijiwe. Tuliharakisha mara moja tukaacha kupapasa, tukalipa kwa pancha nyingine hatua chache mbele.

Nilipoteremka kutoka Newlands Corner, kilima kingine cha Surrey, ndipo hasira yangu ya asubuhi ilipoisha. Breki zangu ni zile za kubana ringi. Zikilowa, hazishiki mara moja. Kwanza hufuta maji, na wewe unaendelea kuteleza tu. Nilibana, nikahesabu moja, mbili, ndipo mwendo ukaanza kupungua. Mteremko wa Leith Hill ni mwembamba na umefunikwa na miti. Maelfu ya watu wakiteremka pale kwa breki kama zangu, kuna ambao wasingefika nyumbani. Aliyeamua kuiondoa sehemu ile alijua watu wangenung'unika, na bado aliamua. Namshukuru mpaka leo.

Kuhusu vifaa: koti nililoagiza mtandaoni, lililotangazwa kwamba halipitishi maji, lililowa kwenye mishono kabla sijafika Kingston. Kilichonisaidia ni fulana ya sufu ndani, inayobaki na joto hata ikilowa. Mzee peke yake ndiye aliyefunga madigadi. Tulikuwa tumemshauri ayatoe, tukisema yanaongeza uzito. Kufika Dorking kila mtu alitaka kukaa nyuma ya gurudumu lake, maana ndipo mahali pekee ambapo hukurushiwa tope mdomoni. Chakula kilikuwa kashata za karanga ndani ya mfuko wa nailoni. Zilifika salama, na zinakaa tumboni kuliko zile jeli tamu.

Kilima cha Wimbledon tulikipanda pamoja, polepole, watu wakiwa wamesimama kwenye mvua pembezoni wakipiga makofi na kengele. Watu wale hawakuwa na sababu yoyote ya kulowa kwa ajili yetu. Tukaingia The Mall wanne sambamba, jua likichungulia.

RideLondon ilihamia Essex mwaka 2022, kwa hiyo njia ile haipo tena kama tulivyoiendesha. Vilima vipo. Mwezi uliofuata tulimpeleka dada Box Hill, siku kavu, akapanda mara mbili. Madigadi yangu yalikuwa yameshafungwa.